Sakafu ya Mwanasiti na Mnazi wa Wifi Yake

Nimekaa ukuta kwa ukuta na Mwanasiti na wifi yake Twaiba tangu nilipoolewa hapa Msambweni, na sijawahi kuwasikia wakisalimiana bila mmoja kutafuta mahali pa kumchoma mwenzake. Wengine wakiulizana hali, hujibiana hali. Wao "umeamkaje" ni mwanzo wa vita. Sikufichi, upande wangu ni wa Mwanasiti, ingawa hajawahi kuniletea hata kisahani cha mbaazi. Ni mwanamke mgumu. Akikuazima ungo, atakuja kuudai kabla hujapepeta.

Kwao ni Vanga. Aliolewa na Mbarak, Mdigo wa hapa, na tangu siku ya harusi Twaiba, dada yake Mbarak, hakumwita kwa jina. Alikuwa "yule wa Vanga", hata mbele ya wageni, hata msibani. Mbarak alipofariki watu walidhani yule wa Vanga atafunga virago. Hakufunga. Kiwanja Mbarak alipewa na mjomba wake mbele ya mashahidi, nyumba waliijenga pamoja, na mwana wao Abdulaziz alizaliwa ndani yake. Twaiba alikaa nyumba ya nyuma yake akingojea aondoke, na kungoja kule kukamgeuka nyongo.

Kazi ya Mwanasiti ilikuwa kupiga pasi. Miaka yake yote ya nguvu aliimaliza kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja kule Diani, amesimama juu ya sakafu ya zege, akinyoosha mashuka ya watu asiowajua. Dirisha la chumba kile lilitazama bustani. Kila alipoinua macho aliwaona wageni wamejilaza kivulini, vichwa wazi, miguu wazi, hawana wanalofanya. Aliniambia mara moja, na hajalirudia, kwamba hakuwaonea wivu wa pesa zao. Aliwaonea wivu wa kukaa.

Basi alipostaafu, magoti yamekwisha, alitaka kitu kimoja tu: sakafu nzuri huko uani, na baraza ya kukalia, ili alasiri akae kichwa wazi, upepo umpige shingoni, na asionwe na mwanamume yeyote. Hilo halikuwa ombi kubwa. Wako wanaoomba majumba.

Abdulaziz, ambaye naye yuko hotelini, mapokezi, alianza kumtumia picha za sakafu za uani kwenye simu. Huko wanaiita patio. "Mama, weka kabro, vile vitofali vya kutandika chini. Nyekundu na kijivu, zinapangwa kama mkeka." Mwanasiti alizitazama picha zote, akasema ahsante mwanangu, kisha akajifunga buibui akaenda Ukunda mwenyewe kwenye uwanja wa vifaa vya ujenzi. Nilimsindikiza. Alichagua saa sita ya mchana, jua utosini, nikadhani amechanganyikiwa.

Alipofika alivua ndara. Akapanda juu ya kabro kwa nyayo tupu, akashuka haraka.

"Mathe, hizo ni za gari kukanyaga, si mguu," kijana muuzaji akamwambia, anacheka.

"Gari langu ni hili," Mwanasiti akamjibu, akimwonyesha mguu.

Akaenda kwenye vigae vinavyong'aa. Alivimwagia maji ya chupa yake, akasogeza kisigino, kikateleza. "Hivi ni vya kuvunjia nyonga," akasema, kwa sauti ambayo wateja wengine waliisikia na mmoja akaondoka. Zege hakutaka hata kuligusa. Alisema analijua, huanza unyayoni likapanda hadi kiunoni, na halishuki tena. Mwisho akafika kwenye mawe bapa ya Mazeras, yenye ngozi ya kukwaruza kidogo, yamepigwa na jua lile lile. Akasimama juu yake. Akaendelea kusimama, mikono nyuma, kijana akichezea simu yake na mimi nikitafuta mahali pa kujikinga jua. "Haya ndiyo," akasema. "Yana moto lakini hayana uchokozi."

Baraza ya kukalia aliitaka ya mawe ya matumbawe yaliyochongwa, yapakwe chokaa, maana saruji hutunza joto mpaka magharibi. Nami nilidhani mawe ni mawe.

Kisha akaanza kukitafuta kivuli. Uani kwake kuna mti mmoja tu, mnazi mrefu karibu na ukuta wa nyuma. Kutwa alizunguka na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, anakaa, jua likimfikia anahama, na kila alipohama alichora alama ya makaa ukutani. Alijua kwamba chini ya mnazi hakukaliki, nazi ikikuangukia umekwisha. Lakini alasiri, jua linapoinama upande wa bara, kivuli cha makuti huenda mbali na shina, kikalala upande wa jikoni. Pale ndipo alipochora baraza yake.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe mtu wa huku yeyote angelijua. Huku kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mnazi ule ulipandwa Twaiba alipozaliwa, pale pale kilipozikwa kitovu chake. Mjomba alipotoa kiwanja, mnazi hakuutoa, kwa sababu haukuwa wake. Ndiyo maana ukuta wa nyuma una mlango mdogo: Twaiba ana haki ya kuufikia mti wake, naye kila baada ya miezi huleta mkwezi akaangua nazi zake akaenda. Mwanasiti haya yote aliyajua. Lakini alimwita fundi, akaleta lori la mawe, akaanza kuchimba bila kumpelekea mwenye mti hata neno. Ungemgharimu nini mdomo wake? Kiburi cha Vanga, Twaiba angesema, na safari ile moja ningemkubalia.

Fundi alikuwa Thoya. Alikuwa amefika na sururu karibu na shina, mlango mdogo ukafunguka.

"Nani amekupa ruhusa ya kuchimba shinani kwangu?" Twaiba akauliza. Hakumtazama Thoya.

"Nachimba ardhi yangu," Mwanasiti akasema.

"Ardhi chukua. Mizizi ni yangu. Nionyeshe utakavyoichimba ardhi bila ya kugusa mizizi."

"Miaka yote hii hukuitazama mizizi, leo ndiyo umeiona?"

"Leo ndiyo umeileta sururu, yule wa Vanga."

Thoya aliweka sururu chini akanywa maji, maana fundi mzoefu huijua siku iliyokwisha.

Wakamwita Mzee Abdurahman, mzee wa mtaa, ambaye humwogopa Twaiba kama sote tunavyomwogopa. Safari hii lakini alihukumu sawa. Udongo uachwe wazi kuzunguka shina, upana wa mtu kunyoosha mkono, mti upate maji. Mlango mdogo usizibwe. Na mti ni wa Twaiba, aufanye apendavyo. Mwanasiti alikubali, uso umekunjwa. Twaiba naye alikubali, tena kwa haraka, na hapo ningepaswa kushtuka. Haki hakuitaka. Alichotaka ni Mwanasiti asikae.

Kazi iliendelea. Na kabla mawe ya mwisho hayajalazwa, Twaiba akaukodisha mnazi kwa mgema.

Mgema alikuwa Chirau, mtu wa upande wa Kinango, mpole, hana neno na mtu. Mkwezi wa nazi huja akaenda ukamsahau. Mgema hukwea asubuhi, hukwea mchana, hukwea alasiri, kila siku ya Mungu, akasimama kule juu akichonga kilele na kubadilisha vibuyu, na akiwa juu ua wote uko chini ya macho yake. Tena nilimsikia Twaiba kwa masikio yangu akimwambia mlangoni, "Huko juu usifanye haraka, Chirau. Kazi nzuri haitaki pupa."

Mzee Abdurahman alimwendea. Akamwambia, "Twaiba, wewe ni Mwislamu. Tembo?"

"Nimemkodisha mti," Twaiba akasema. "Sikumkodisha kikombe."

Chirau alikuwa na adabu zake. Kabla ya kukwea alisimama penye mlango mdogo akaita, "Hodi, nakwea," ili wanawake wajisitiri. Lakini adabu yake haikumsaidia Mwanasiti. Sakafu ilikwisha, nzuri kuliko ya hoteli yoyote, mawe yamepangwa hata ukucha hauingii, baraza nyeupe imekaa pale pale penye alama za makaa. Siku ya kwanza alitoka na chai yake ya rangi, akakaa, akavua mtandio. Hajapiga funda la pili, "Hodi, nakwea." Akajifunga, akangoja. Chirau akachonga taratibu kama alivyoagizwa. Chai ikapoa na kivuli kikaanza kuhama. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Nilimwona kupitia tundu la ukuta wangu akilia, amekaa ndani ya buibui katika ua wake mwenyewe. Hakuwa akilia kwa huzuni. Alilia kwa hasira, ngumi mbili juu ya mapaja.

Abdulaziz alikuja Jumapili akiwa na mawazo ya vijana. "Mama, mnazi unakufa kwa chumvi tu. Na mafuta ya taa. Hakuna atakayejua."

"Mti haukunikosea," Mwanasiti akamjibu. "Aliyenikosea ana miguu miwili, na yeye simtilii chumvi."

"Basi utafanya nini?"

"Nitakaa."

Na akakaa. Kila alasiri alitoka na chai yake, kichwa wazi, akiitwa hodi anajifunga, Chirau akishuka anajifungua. Akawa anakaa kama mtu anayefanya kazi ya zamu. Twaiba huko kwake alisikia mlio wa kijiko ndani ya bilauri, akajua kwamba adui hajashindwa, na lile halikumpa usingizi. Nyumba ya Twaiba ina bati juu na mchanga chini. Alasiri haikaliki. Akafikiri wee, kisha siku moja akafungua mlango mdogo, mkeka kwapani, akaja hadi kwenye baraza ile nyeupe akakaa upande wa pili.

"Unatafuta nini?" Mwanasiti akauliza.

"Mti ni wangu. Kivuli chake ni changu. Nimekuja kukaa kwenye kivuli changu."

"Na hiyo baraza uliyoikalia?"

"Ondoa baraza yako chini ya kivuli changu, nami nitakaa mchanga."

Sheria ile ile aliyohukumiwa nayo Mwanasiti ndiyo hii, angeikataaje? Akageuka kumpa mgongo. Twaiba naye akageuka. Wakakaa hivyo, migongo miwili, bilauri moja. Mwenye bilauri alikunywa kwa sauti, makusudi.

Lakini mawe yale ni mawe, hayachagui nyayo. Twaiba alivua viatu kwa kuwa alikuwa amekaa, akaweka nyayo sakafuni, na nikaona mabega yake yanashuka. Upepo wa bahari ulipita ubavuni mwa nyumba. Akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, akapandisha dera hadi magotini. Mwisho akavua mtandio akautupa pembeni kwenye mkeka, nywele zake za mvi zikapata hewa. Nadhani hata usingizi ulimjia.

"Hodi, nakwea."

Mwanasiti alijifunga kwa mkono mmoja, maana alishazoea, mkono wa pili umeshika chai. Twaiba alizinduka akapapasa huku na huku. Mtandio ulikuwa umepeperuka hadi shinani, pale pale Chirau aliposhika kidato cha kwanza cha kukwelea. Twaiba akajifunika kichwa kwa mkeka. Na chini ya mkeka ule akakaa, Chirau akikwea kwa utulivu, akafika, akaanza kuchonga.

Akachonga. Jasho lilimtiririka Twaiba shingoni. Mwanasiti hakucheka, na hapo ndipo nilipomheshimu, kwa kuwa mimi huku kwangu nilikuwa nimeuma leso. Alisema tu, bila kugeuka, "Kazi nzuri haitaki pupa."

Twaiba alivumilia kidogo, kisha sauti ikatoka chini ya mkeka.

"Chirau. Shuka."

"Bado sijamaliza, mama. Uliniambia nisifanye haraka."

"Shuka, na vibuyu vyako vyote. Kesho usije. Kesho kutwa usije. Nitakutafutia mnazi mwingine huko shambani."

Chirau akafungua vibuyu kimoja kimoja, akashuka, akasema kwaherini, mlango mdogo ukafungwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Twaiba alitoka chini ya mkeka uso umeiva, akauokota mtandio wake, akaukung'uta, na badala ya kujifunga akaukunja akaukalia. Mwanasiti akavua wake. Hakuna aliyesema ahsante wala samahani, na mimi niliyengoja kulisikia moja kati ya hayo nikapata shingo ngumu bure pale tunduni.

Usije ukadhani walipatana. Kesho yake Mwanasiti alifagia sakafu kabla ya alasiri, akaanzia jikoni, akafika katikati ya baraza, akasimama. Nusu yake iling'aa. Nusu ya pili aliiacha na majani yake, vumbi lake, na kinyesi cha kunguru. Akakaa upande wake na bilauri yake moja, kichwa wazi, akiutazama mlango mdogo.

Mlango ukafunguka. Twaiba akaiona ile nusu, akasonya, akarudi kwake. Alipokuja tena alikuja na ufagio.