Nguzo Aliyoichonga Babu

Msiniambie nilikuwa nimelewa. Siku hiyo sikuwa nimeonja hata rubisi, na ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka. Niliyoyaona niliyaona.

Baba alipofariki, nyumba ya babu kule Nyabiyonza alimwachia mdogo wangu. Mimi mkubwa nikapewa kipande cha shamba. Ni nyumba ya zamani, nguzo na mihimili ya mti wa mshambya, katikati udongo umeshindiliwa. Wageni wanasimamisha magari kuipiga picha. Mimi nimejenga ya matofali Bugene, bati jipya, madirisha ya vioo, na hakuna aliyewahi hata kugeuza shingo. Niliona wivu, sifichi. Ungekuwa wewe?

Basi siku wote walipokwenda msibani, nikaingia na msumeno. Nilitaka nguzo ya kati. Ningeikata nusu tu, mvua za masika zingemalizia. Nilishafika vidole viwili ndani.

"Kata tu, mjukuu wangu," mtu akasema nyuma yangu. "Lakini kwanza tutafune."

Mzee amekaa kigodani. Shikamoo ikanitoka yenyewe. Akaitikia, akapasua punje ya kahawa ya kutafuna, nusu akatia mdomoni, nusu akaninyooshea. Kwetu kahawa ya mwenyeji haikataliwi, nikatafuna. Ndipo nikaona mkono wake wa kushoto hauna kidole gumba. Niamini, nilikitazama mara mbili. Babu alijikata kidole hicho akichonga nguzo ile ile, na alikufa kabla sijazaliwa.

"Tumegawana punje moja," akasema. "Sasa nyumba hii na yako ni moja."

Nikapepesa macho, kigoda kitupu.

Nilipofika Bugene, mke wangu alikuwa anakung'uta unga wa mbao kwenye kitanda cha watoto. Nikatazama juu. Boriti ilikuwa imekatwa, vidole viwili ndani.

Nimeibadilisha mara tatu na mkato unarudi. Kila nikimwonea mdogo wangu wivu, unazidi. Watoto sasa wanalala kwa shangazi yao. Wewe mwenye kijicho na nyumba ya ndugu yako, usiingie humo na msumeno, na ukimkuta mzee, usipokee kahawa yake.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu, amenunua ng'ombe wa maziwa. Nilimpongeza vizuri kabisa. Asubuhi nikachukua ufagio, nikafagia unga wa mbao.