Moto Niliouazima kwa Ajili ya Mayai ya Chatu

"Nyoka ya Itebero haiwezi kuzaliwa ku baridi ya Kitshanga," majirani waliniambia. Papa Bahati, jirani yangu muuza maziwa, aliongeza: "Kaka, diplome njo italalia mayai? Ao utalala juu yake weye mwenyewe?"

Walicheka. Mimi niliondoka hapa na kandambili, nikarudi kutoka Kampala na diplome ya mifugo niliyojilipia kwa kubeba matofali. Kwa hiyo ninachosimulia si maneno ya mlevi. Kilinipata mchana, akili zangu zikiwa timamu.

Chatu wangu, niliyemleta kutoka joto la Itebero, alitaga, kisha akayaacha mayai. Niliyahamishia katika kasha la povu gumu kutoka kwa wauza samaki wa Shasha, juu ya unga wa mbao wenye unyevu. Kila yai nililitia alama ya penseli upande wa juu, maana yai la nyoka ukiligeuza, mtoto hufa ndani. Taa ya sola ilitoa joto. Kazi safi, niamini.

Yalipokaribia kupasuka ikaja mvua isiyokoma. Batri ikafa. Nikawa napasha maji kwenye mbabula, jiko la mkaa, na kuweka bidoni, yaani dumu, la maji ya moto ndani ya kasha. Makala yangu, yaani mkaa, yakalowa, nikaomba moto kwa majirani. Walinipa huku wakinitania, hata Papa Bahati. Alasiri moja moto ukazimika tena, na aibu ikanizuia kurudi kwao. Nikagusa mayai: baridi kama mawe ya mtoni.

Nikapanda mlimani kwa njia ya malisho katika ukungu, nikaona moshi. Nyumba ndogo, na mama mmoja nisiyemjua ameketi jikoni. Sikuwa nimefungua kinywa.

"Kamata, mutoto wangu," alisema, akinitilia makaa kwenye kigae cha chungu. "Lakini utanirudishia moto, hapana makala."

Mvua ilinipiga njia nzima, makaa hayakuzimika. Yaliwaka hadi jua liliporudi. Je, diplome gani inaeleza hilo?

Mayai yakapasuka yote, vichwa vidogo vikachungulia. Papa Bahati alitazama ndani ya kasha, akasema: "Eh! Sasa mama yao njo weye!"

Nilizunguka na gunia la makala, nikawarudishia wote walionipa moto. Mwisho nikapanda na kigae chenye makaa mekundu, Papa Bahati akinifuata kutazama ng'ombe wake. Hapakuwa na nyumba. Mafiga matatu tu, nyasi zimeota katikati.

"Unatafuta nani hapa?" aliuliza. "Hapa hapakai muntu tangu niko mutoto."

Niling'oa nyasi, nikamwaga makaa, nikasema asante. Nilipogusa figa, lilikuwa na joto tayari, kabla makaa yangu hayajalipasha.

Mpaka leo chatu wangu waliozaliwa kwa moto ule hulala vichwa vikielekea mlima ule, hata nikigeuza kasha lao. Nawe usidharau moto wa kupewa. Uurudishe ukiwa unawaka, hata kama mlangoni hamna mtu.