Ata Alipongoja Niitikie

Kuna mlio wa jenereta ndogo, ile inayokohoa kwanza kabla ya kushika, ambao mpaka leo ukinifikia mahali popote hunirudisha Kakuma, mwaka ule mama alipopata kazi ya upishi katika hoteli moja ya mjini tukahama kutoka Lodwar. Nilikuwa darasa la tatu. Jenereta yenyewe ilikuwa ya kibanda cha video kilichosimama nyuma ya chumba tulichopanga, kibanda cha mabati kilichonuka vumbi la moto, petroli na jasho la watoto, na ilipoanza kunguruma alasiri nilijua mama bado ana saa nyingi kabla ya kurudi. Shuleni watoto wa kambi ya wakimbizi walikuwa na lugha zao, Kisomali huku, Kiarabu cha Juba kule, Kifaransa kwa wale waliotoka Kongo na Burundi, nami Mturkana, ambaye hata kitovu changu kilizikwa katika ardhi ya Turkana, ndiye niliyekuwa mgeni. Hawakunionea. Walinisahau tu, na nadhani ningependa zaidi wanionee, maana anayekuonea angalau anajua jina lako.

Lodwar nilikuwa nimemwacha Ata, ndivyo tunavyomwita bibi. Kwake hadithi haikuwa kitu cha kusikilizwa kimya. Alitoa sentensi moja, akatulia, nawe ukaitikia "Eee," ndipo akakupa ya pili. Usipoitikia alijua umelala au umechoka naye, basi alifunga mdomo na hadithi ikaishia hapo, hata kama fisi alikuwa ameshafungua kinywa. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Jioni ya mwisho kabla hatujahama alinianzishia hadithi ya msichana aliyetumwa kumtafuta punda aliyepotea, punda aliyefuata harufu ya mvua mpaka akavuka kuingia nchi ya watu wasiojulikana. Msichana alikuwa mbali tayari, nyayo zimepasuka, haoni hata moshi wa boma, mama aliponiita kufunga mizigo. Nikaenda Kakuma na msichana yule kichwani. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama alifika nyumbani.

Mama alikuwa na simu nzuri, na mjomba Ekai, kaka yake, fundi wa pikipiki pale Lodwar, alikuwa akipita kwa Ata kila Jumapili baada ya kanisa. Nikamwomba amrekodi Ata akimalizia hadithi ile. Sauti ilipofika nilijifunika shuka kichwani ili niisikie peke yangu. Ata alinisalimu, ejok, akanikumbusha msichana alipokuwa amefika, akasema sentensi moja. Kisha kimya. Nikasikia kuku, nikasikia upepo ukipiga turubai, halafu Ata akauliza, "Akiru, upo?" na sauti ikakatika. Jumapili iliyofuata mambo yalikuwa yaleyale, ila mwishoni mjomba aliongeza maneno yake: "Akiru, hii kitu imekataa. Nimemwambia aongee tu, simu inasikia. Anasema simu haiitikii, na yeye hawezi ongea na jiwe." Nilimkasirikia Ata wiki nzima. Nilimwona mkaidi, mzee asiyetaka kujua kwamba dunia imebadilika na kwamba siku hizi mtu anaweza kuongea leo, akasikiwa kesho.

Nilianza kuingia kibanda cha video kwa sababu kilikuwa na watu. Aliyekiendesha aliitwa Papa Safari, mkimbizi kutoka Kongo, na kazi yake ilikuwa kupunguza sauti ya filamu na kuisimulia mwenyewe kwa Kiswahili chao. Watoto walimjibu, walimbishia, walimwonya shujaa kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. Lakini picha haikuwasubiri. Tulipocheka kupita kiasi, ngumi zilikwisha kurushwa na Papa Safari alilazimika kuzirundika zote katika pumzi moja ili amkute shujaa alipo. Siku moja petroli iliisha filamu ikiwa katikati. Yeye hakunyamaza. Aliendelea gizani bila picha, sasa akienda kwa mwendo wetu, akamwokoa shujaa na kumwoza. Petroli ilipopatikana tuliona kwamba kwenye filamu yenyewe shujaa anakufa, na baadhi ya watoto wakasema picha ndiyo iliyokosea. Jioni hiyo nilibaki nyuma wakati anakunja nyaya, nikamweleza habari za Ata na simu. Hakucheka. "Mutoto, filme haingojeake mutu," alisema. "Miye njo nakimbiaka nayo. Lakini koko yako, ule bibi, haiko filme. Anataka mutu wa kumuitikia. Umutumie sauti yako."

Basi nikajirekodi nikiitikia. Nilifumba macho, nikamsikia Ata kichwani akisema sentensi, nikasema "Eee," nikangoja kiasi nilichodhani sentensi nyingine ingechukua, nikasema tena "Eee." Mama alirudi mapema akanikuta hivyo. Akauliza naongea na nani. Nikamwambia na Ata. Alibaki mlangoni na vyombo vyake mikononi mpaka nilipomaliza. Nilimtumia mjomba sauti hiyo, naye akaazima simu ya jirani, akaiweka kwenye mapaja ya Ata iwe inaitikia, huku simu yake mwenyewe ikirekodi.

Nimeisikiliza sauti aliyonirudishia mjomba mara nyingi sana na bado inanishinda. "Eee" zangu zilikuja ovyo. Nyingine ziliingia katikati ya sentensi, naye Ata aliikata hapohapo, akamfanya msichana ajikwae au asimame kusikiliza kitu. Nyingine zilichelewa, na zilipochelewa alimtembeza msichana, akampitisha Lokichar, akampitisha Kalemng'orok, mahali ambapo nina hakika hapakuwemo katika hadithi hapo awali, akimtafutia njia mpaka niitikie. Kisha "Eee" zangu zikaisha, na msichana alikuwa bado njiani. Kimya kikaingia, kuku wakasikika, nami nikakumbatia simu nikijua kwamba sasa atafunga mdomo. Badala yake nikasikia "Eee" moja, nyembamba, ya kitoto. Ilikuwa ni yeye. Akasema sentensi, akaitikia kwa sauti yangu, akasema nyingine, akaitikia, hivyohivyo mpaka akamfikisha msichana bomani bila punda. Mama yake hakuuliza habari za punda. Alimpa maji, akampisha kwenye ngozi, alale. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nikalia kwa uchungu, kwa sababu mpaka siku ile nilidhani upweke ni wangu peke yangu pale Kakuma, na sikuwahi kufikiri kwamba Lodwar nako kuna mtu aliyemaliza siku bila kuitikiwa.

Siku hizi naishi Lodwar na natengeneza michezo ya redio. Ata ameshazikwa. Mambo ambayo yeye na Papa Safari walifanya kwa mdomo, mimi nayafanya kwa vitufe, na nimeyajua: najua kukata sehemu pale ambapo moyo wa msikilizaji umepanda, najua kwamba kile ambacho filamu inakionyesha kwa uso, redio lazima ikitafutie hatua za miguu au mlango. Najua pia kwamba kimya hakiruhusiwi hewani, kompyuta yenyewe hukitia rangi ili nikione na kukifuta. Watu wanasikiliza mpaka vijiji vya ziwani, na wengine hutuma ujumbe wa shukrani. Huja kesho yake. Juzi nilikuwa studio nikisoma kipande cha msimulizi, nikamaliza sentensi, nikanyamaza. Mwenzangu wa mitambo aliinua kichwa nyuma ya kioo, akauliza kama nimepoteza mstari. Nikatikisa kichwa. Nilingoja kidogo tena, taa nyekundu ikiwaka, hakuna aliyeitikia, nami nikaendelea kusoma.