Mama mkwe aliniwekea chakula chini mbele ya umati: acheni kuita hiyo dharau

Wakuu, walisema sitarudi Kolwezi. Walisema hata nikirudi nitarudi mikono mitupu, na mke wangu atakuwa wa mtu mwingine.

Leo naandika nikiwa sebuleni kwangu, Kolwezi, katika nyumba niliyojenga mwenyewe. Diploma yangu ya umeme iko ukutani. Mke yuleyule yuko jikoni anakaanga kapenta, dagaa wa kwetu.

Sijaja kujisifu. Haya, nimekuja kujisifu kidogo, nina haki. Lakini hasa nimeletwa na hasira.

Juzi kuna mwenzetu kaandika humu kwamba wakwe wa kwetu ni watu wa chuki. Eti mkwe na mama mkwe hawaangaliani, hawapeani mkono, chakula anawekewa chini. Eti upendo usiotamkwa haupo. Na likes akapata tele!

Nikazima simu. Nikaiwasha tena. Basi someni yaliyonikuta. Sitaongeza chumvi, maana waliokuwepo wako hai na wengine wamo humu.

Miaka ile nilikuwa fundi umeme kwenye migodi ya shaba iitwayo Mashamba, hapa hapa Kolwezi. Kampuni ilikuwa inakufa. Mshahara ulianza kuchelewa, halafu ukaacha kuja kabisa. Njaa ilipoingia watu wakatafuta wa kulaumiwa, wakatuona sisi ambao baba zetu walitoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi Katanga.

Mimi nimezaliwa Kolwezi. Kasai nilikuwa sijawahi hata kuiona. Haikusaidia. Vijana niliocheza nao mpira walisimama mlangoni kwangu wakipiga kelele: "Rudia kwenu!"

Kwetu wapi, wakuu? Nilikuwa nimesimama kwetu.

Tukakimbilia stesheni kungoja treni, maelfu ya watu, mvua juu. Jirani yangu Tata Ramazani, mfanyabiashara, alikuja na turubai lake, akalifunga juu ya mizigo yetu, akagusa kifua chake kwa kiganja, akaondoka.

Sasa, mke wangu Alfonsina ni Mlunda, asili yao Sandoa, ila mama yake na kaka yake waliishi hapa hapa Kolwezi. Yeye hakufukuzwa na mtu. Alikuja stesheni kwa hiari, mtoto mgongoni. Kaka yake Fideli akamfuata mpaka pale.

"Alfonsina, beba mutoto, turudie. Huyu atakufa mu njia."

"Mi niko na bwana yangu."

"Bwana gani? Hana kazi, hana nyumba, hana hata mahali pa kulala! Kesho mama anarudisha kikwembe. Itakuwa imeisha."

Msiojua, niwaeleze. Siku ya mahari nilimpa mama mkwe kikwembe, vitenge vya kijani vyenye ndege, vya kuvaa na vya kujitanda. Mama akikirudisha kitambaa kile, ndoa imekwisha. Hakuna hakimu, hakuna karatasi. Mke anarudi kwao na mtoto anarudi naye.

Siku ile sikula. Mgodi ulikuwa umekwisha, nyumba imekwisha. Hao wawili ndio waliokuwa wamebaki.

Kesho yake asubuhi nikamwona mama mkwe anakuja, Fideli nyuma yake anatabasamu. Kichwani mama alibeba furushi limefungwa kwa kitambaa cheupe. Alfonsina akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

Halafu nikaona alichovaa.

Alivaa kijani. Ndege chini, ndege mabegani, seti nzima, siku ya kazi, katikati ya tope la stesheni.

Aliponikaribia akaacha njia, akashuka kwenye mtaro wa maji machafu asije akapishana nami. Macho chini. Akapiga magoti mle mle, akaliweka furushi pembeni ya njia, akapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kama bakuli. Akafanya ishara ya msalaba akielekea upande wetu. Kisha akarudi kinyumenyume.

Umati wa waliokuja kutuzomea ukacheka.

"Ona! Hata mukwe yake anamuwekea chini sawa imbwa!"

Wajinga! Nani anapiga magoti kwenye mtaro kwa ajili ya mbwa? Kama ningekuwa si mkwe wake tena, angenitazama usoni na kunipa mkononi kama mpita njia yeyote. Kule kutonitazama ndiko kulikosema, mbele ya waliotaka kutumaliza: huyu ni wangu bado.

Fideli hakucheka. Yeye alielewa. Aliangalia kitambaa kile, akageuka, akaenda zake.

Tulifungua furushi: bukari, yaani ugali, ya moto na kapenta. Tukala sote watatu. Habari ya Alfonsina kurudi kwao haikutajwa tena.

Kule Kasai treni ilikotupeleka niliuza betri sokoni na kusoma jioni mpaka nikapata diploma. Hakuna mjomba aliyenibeba. Hali ilipotulia nikarudi Kolwezi na mafundi watatu chini yangu. Mliosema sitaweza, mko wapi?

Nikaanza kulipa. Tata Ramazani nilimpelekea turubai jipya, nikagusa kifua. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mdai mkubwa akabaki.

Kwetu mwiko wa mkwe huondolewa kwa kitambaa na kuku, na mimi nilifukuzwa kabla sijauondoa. Nikavaa suti, nikaenda. Mama mkwe alikuwa anatoka kisimani, amezeeka, anatembelea fimbo. Nikashuka kwenye mtaro na suti yangu. Nikapiga magoti, nikaweka kitambaa na kuku chini, nikapiga makofi. Watoto wa mtaa walidhani nimelewa.

Fideli, mvi kichwani, akaleta kiti kwa mikono miwili, akakiweka mbele yangu. Hakuomba msamaha. Nikakikalia. Yamekwisha.

Mama akavipokea vitu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akainua macho akanitazama usoni. Akanikagua kutoka juu mpaka chini, pole pole.

"Kumbe uko mufupi hivi!" akasema. "Mi nilijuaka biatu byako tu."

Wote wakaangua kicheko, na mimi na diploma yangu nikalia kama mtoto.

Kwa hiyo wewe uliyeandika juzi, kabla hujatuita watu wa chuki, uliza kwanza mikono, magoti na macho ya watu yanasema nini kwao. Maneno matamu hata wale waliotufukuza walikuwa nayo kanisani.

Uwanja wenu, wakuu. Mwenye mama mkwe kama wangu atoe ushuhuda, na mwenye kubisha aje, nipo.