Minza amchana Pamba akingoja siku ya kumkabidhi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Minza Mayige amekaa kwenye kigoda uani kwake, Bariadi mjini. Juu ya kanga aliyoitandika mapajani amelala mbwa. Kwa vidole viwili anatenga manyoya nyuma ya sikio, mstari kwa mstari, mpaka ngozi inaonekana. Kisha anapitisha brashi taratibu.

"Wengi wanachana juu juu," anasema bila kuinua macho. "Juu panang'aa, chini kumeshafungana."

Mbwa huyo anaitwa Pamba. Mama yake alikuwa mbwa wa kienyeji wa kijijini Nkololo, baba yake mbwa wa kizungu mwenye manyoya ya kujisokota. Ukimpapasa, mkononi unabaki unywele mmoja au mbili tu.

Hilo ndilo lililomwingiza Pamba katika nyumba ya ofisa wa serikali, Constantine, na mkewe Flora, ambako Minza alifanya kazi za ndani kwa miaka 11. Flora alikubali kufuga mbwa kwa sharti moja: asiache manyoya kwenye makochi. Aliyemtaka hasa alikuwa binti yao, Jenifer, wakati huo akiwa na miaka saba.

"Yule mtoto nilimpokea ana siku nne," anasema Minza, mwenye miaka 49, ambaye hakujaliwa mtoto wake mwenyewe. "Neno lake la kwanza lilikuwa 'mayu', mama kwa Kisukuma chetu. Alikuwa ananiita mimi. Mama yake alicheka, lakini niliona hakufurahi."

Kila Jumamosi walimchana Pamba barazani. Minza alishika brashi, Jenifer alishika miguu na kusimulia habari za shule.

Miaka mitatu iliyopita Constantine alihamishiwa Dodoma. Nyumba waliyopata ilikuwa ghorofani, na mbwa hawakuruhusiwa.

"Jenifer aliniambia, 'Mayu, mtunze, tutakuja kumchukua.' Akapanda gari," anakumbuka. "Nikarudi ndani kufagia. Nyumba tupu, kila nikikohoa sauti inanirudia."

Sasa anafua mashuka katika nyumba ya wageni, kwa mshahara wa Sh150,000 kwa mwezi. Humchana Pamba kabla ya kwenda kazini.

Machi mwaka jana Minza aliugua homa kali, akachukuliwa na kaka yake, Paschal, hadi Nyalikungu, Maswa. Alikaa huko wiki tano. Pamba alibaki kwa jirani, Salu.

"Nilimlisha vizuri," anasema Salu. "Lakini nilijua hapukutishi manyoya, nikadhani hahitaji kuchanwa. Mvua ikanyesha, akajaa tope, nikamwogesha kwa sabuni. Kumbe ndiyo nimeharibu kabisa."

Minza anaeleza kosa lilipokuwa. Manyoya ya Pamba hung'oka kama ya mbwa wengine, ila mengi hayadondoki. Yanabaki yamenaswa katikati ya yale mazima na kufanya mafundo. Ukiyalowesha kabla ya kuyafumua, yanakaza zaidi.

Aliporudi alikuta manyoya yamegandamana kama blanketi kuukuu. Alipomgusa kwapani, Pamba alilia. Daktari wa mifugo alimnyoa mwili mzima. Chini yake kulikuwa na vidonda.

Wiki hiyohiyo Jenifer aliomba picha ya mbwa wake.

"Nilimdanganya kwamba kamera ya simu imeharibika. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikampigia, nikamwambia yote. Nikajua leo nimempoteza." Minza anaiacha brashi. "Halafu akauliza, 'Na wewe umepona, mayu?'"

Manyoya yameota upya, meupe na mazito. Mwezi uliopita Constantine alipiga simu: wamehamia nyumba yao wenyewe, yenye uzio, na Desemba watamchukua Pamba.

"Nilimwambia asante, bosi. Simu ilipokatika, nikakaa chini palepale, kwenye mashuka mabichi."

Salu alimshauri aseme mbwa amekufa. "Nani atatoka Dodoma kuja kukagua kaburi la mbwa?" aliuliza.

Minza hakutaka. "Nikisema amekufa, mtoto hatakuwa na sababu ya kuja Bariadi."

Alichofanya ni kumpigia Constantine tena, mara yake ya kwanza kumwomba jambo tangu familia ihamie Dodoma. Alimwomba asitume dereva. Aje Jenifer mwenyewe, akae siku mbili, afundishwe kutenga manyoya mpaka kwenye ngozi, kupitisha kitana baada ya brashi, kukagua kwapani na chini ya mkanda wa shingo, na kumkausha vizuri baada ya kuoga. Constantine alijibu kwamba ataangalia ratiba ya shule.

Jibu hilo limemtosha Minza kuanza maandalizi. Amenunua godoro jembamba la Jenifer, na mwenye nyumba ya wageni amemkubalia mapumziko ya siku mbili.

"Sasa ana miaka 14. Sauti ya kwenye simu imebadilika, sijui akisimama mbele yangu atakuwa ananifika wapi," anasema, huku akimgeuza Pamba ubavu wa pili. "Mbwa ataondoka, hilo nimelikubali. Lakini kumchana vizuri kunachukua saa mbili, na siku hiyo nitamwambia tusiharakishe."