Mashine Iliyotaka Kumpumzisha Mwaitu

Shule niliiacha darasa la nne, na leo stoo yangu ya ndengu hapa mjini Wote hakuna inayoifikia. Anayebisha aje na kamba apime. Kwa hivyo kitu cha kisasa kikitoka, lazima mimi nianze kukishika.

Ndivyo nilivyonunua mashine ya kupima unyevu. Unaimwagia ndengu kiganja kimoja, inakuandikia namba kwa kioo. Nikaipa meza na kitambaa kutoka sebuleni kwangu.

Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mama mmoja niliyeanza naye biashara, wote tunamwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Alikalia debe lililopinduliwa, anauma punje moja, anasema: kavu, au rudisha juani. Ndengu mbichi ikiingia stoo inaozesha zingine zote.

"Mwaitu," nikamwambia, "sasa meno yako yapumzike."

"Na tumbo nalo litapumzika?"

Analea wajukuu watatu kwa kazi hiyo. Nikamwambia ashike ufagio kwanza, tutaona mwisho wa wiki. Mimi si mtu wa huruma ovyo ovyo. Ghorofa haijengwi hivyo.

Kesho yake akaja mkulima na punda wawili. Mashine ikasema ndengu zake bado mbichi.

"Hii imewahi kula ndengu?" akauliza.

"Ni ya kisasa, mzee."

"Basi baki nayo. Mimi nauza ng'ambo ya barabara."

Nyuma yake wengine wanne wakaanza kufunga magunia.

Nikamwita mwaitu. Akaja na ufagio, akauma punje, akatema. "Mbichi," akasema. Yule mzee hakubishana hata kidogo. Akauliza tu turubai iko wapi aanike. Wale wengine wakapanga foleni mbele ya mwaitu.

Watu huogopa mashine kwa sababu hawana kiongozi. Mimi nilikuwa nimepanga tangu mwanzo: mwaitu anauma, mashine inathibitisha. Nikamwambia abaki na kazi yake.

"Nitabaki. Lakini hii ya juzi ina meza na kitambaa, na mimi miaka yote nakalia debe."

Nikamnunulia kiti cha mto, cha kuegemea. Juzi nimeingia stoo nikamkuta ameketi, kitambaa cha sebuleni amejifunika magotini, sufuria ya chakula iko mezani, na mashine iko juu ya debe. Nikarudi nje kupokea magunia. Foleni ilikuwa imefika barabarani.