Mdhamini wa Kila Mtu

Ukitaka kumuudhi Don Aristóbulo Cardozo, mpelekee picha uliyopiga harusini. Unakaa kwenye kigoda chake pale kwenye baraza mbele ya mahakama ya mji wetu wa Ibagué, unampa picha ya kubandika kwenye wasifu wako, naye anaishika kwa ncha za vidole kama umempa soksi.

“Huu mkono begani ni wa nani?”

“Wa binamu yangu, Don. Nilimkata, ila mkono ukabaki.”

“Na yeye anaomba kazi?”

Miaka thelathini na moja alikaa pale, yeye na mwavuli wake na meza ya kukunja na taipureta ya kijani, akiwachapia watu wasifu wa kuombea kazi. Fomu zenyewe zinauzwa dukani, karatasi ya manjano iliyopauka, ina visanduku vyake vya jina, vya shule, vya kazi ulizopitia. Mtu yeyote anaweza kuijaza. Ndiyo maana, alikuwa akisema, mji mzima hauna kazi.

Subira hakuwa nayo hata chembe. Kijana aliyejiandika kuwa mbunifu, mwenye kujituma na anayeweza kufanya kazi chini ya presha aliambiwa kwamba hata sufuria ya maharage inafanya kazi chini ya presha na hakuna benki iliyoiajiri. Mama mmoja aliyetaka yaorodheshwe magonjwa yote aliyopona aliulizwa kama anaomba kazi au kitanda. Kuna bwana mwingine alikuja na kurasa tisa za kuombea ulinzi wa hoteli, na juu kabisa kumeandikwa “Kwa Meneja wa Benki,” maana benki ilikuwa imemkataa na karatasi aliona ni nzuri bado, kwa nini aitupe. Don Aristóbulo alisoma zote tisa, akavua miwani.

“Mzee mwenzangu, umewahi kusoma barua ya mtu kurasa tisa?”

“Mimi? Sijawahi.”

“Basi na meneja hajawahi.”

Watu walikuwa wakiondoka pale wamenuna, na ukurasa mmoja mkononi, na wengi kazi walipata. Hilo hata maadui zake walimkubalia, na maadui alikuwa nao.

Kisanduku kimoja tu ndicho kilichomshinda. Mwisho wa fomu wanataka wadhamini wawili, wasiwe ndugu zako, wawe na kazi inayoeleweka na simu inayopokelewa. Jamani, mtu ameshuka kutoka milimani jana na watoto na magodoro, anamjua nani mjini? Anamjua shangazi yake. Mdhamini mmoja anaweza kuokotwa, padri au mwenye nyumba, lakini wa pili hayupo. Hapo ndipo Don Aristóbulo, mtu ambaye angekuchania fomu kwa kukosea mwaka mmoja wa shule, alikuwa akitazama kushoto, akitazama kulia, kisha akichapa jina lake mwenyewe.

Kazi alijipa kulingana na shida ya mteja. Kwa aliyetaka duka, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Kwa dereva, alikuwa mwenye malori. Simu ikilia alikuwa anakohoa kidogo, anashusha sauti mpaka tumboni na kusema, “Niko kikaoni, lakini kwa ajili ya huyo nitasimama.” Pembeni yake Doña Ubaldina, muuza empanada, zile sambusa za nyama, tayari ameshainua karai motoni ili mafuta yaache kuchachatika.

“Leo umekuwa nani, we mzee?” anamuuliza simu ikikatwa.

“Leo nina malori sita.”

“Haya, moja linibebee unga wangu.”

Sasa huyu mtu mwenye malori sita alikuwa amebakiza miaka miwili ya michango ili apate pensheni. Zamani alijichangia mwenyewe, mwezi hadi mwezi, mpaka wateja walipohamia kwa vijana wenye kompyuta na mchango ukageuka unga na dawa za viungo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, herufi zingine alizigonga kwa kuuma meno. Miaka miwili hiyo haipatikani chini ya mwavuli. Inataka mwajiri mwenye ofisi na muhuri, na mwajiri gani anamtaka mtu wa miaka sitini?

Alikuwepo mmoja. Ushirika wa wakulima wa kahawa ulitangaza nafasi ya mtunza nyaraka, awe mtu mzima, mtulivu, anayejua kupanga karatasi. Doña Ubaldina ndiye aliyeliona tangazo, lilikuwa kwenye gazeti lililofungiwa jibini.

“Hii ni yako,” akasema. “Jiandikie umeneja humo. Umewaandikia wangapi?”

“Sijiandikii kitu.”

“Ukatibu basi! Ukatibu mdogo!”

“Ubaldina, nimewadanganyia watu wa mji huu mpaka nimechoka. Wa kwangu utakuwa msafi.”

“Utakufa na usafi wako hapo hapo ulipo,” Doña Ubaldina akamwambia, akamgeuzia mgongo.

Akachapa. Jina, umri, shule mpaka darasa aliloishia, bila kuongeza hata wiki. Kwenye kazi aliandika mstari mmoja tu: mchapaji wa barazani, miaka thelathini na moja. Wadhamini wake wawili wakawa Doña Ubaldina, muuza empanada, na karani mstaafu wa mahakama, watu wa kweli wote wawili na aliwaomba ruhusa kwanza. Akanyoa ndevu, akapiga picha bila mkono wa mtu. Alipoisoma karatasi ile aliona haya kidogo, jinsi ilivyompendeza.

Wakamwita baada ya siku nne.

Mkuu wa wafanyakazi aliitwa Yamileth Barragán, na kila mtu alimwita Daktari. Hakuwahi kumtibu mtu hata mafua, lakini huku kwetu ukishakuwa na meza na kiyoyozi udaktari unakuja wenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, anayesoma kitu mara mbili kabla ya kusema. Wasifu wa Don Aristóbulo aliuweka mezani mbele yake, akaulainisha kwa kiganja.

“Kwenye kiti hiki nimesoma kama wasifu elfu moja,” akasema. “Wanaandika mapenzi yao ya mpira. Wanaandika uzito wao. Huu wako hauna kosa hata moja, Don Aristóbulo. Ningeweza kuufundishia.”

“Asante, Daktari.”

“Shida ni kwamba ni wa uongo.”

Don Aristóbulo alidhani hakusikia vizuri. Daktari akavuta droo, akatoa jalada, akalifungua ukurasa wa mwisho na kumgeuzia. Alikuwa hana haja ya kusoma, herufi za taipureta yake alizijua kama meno yake. Aristóbulo Cardozo Rengifo, injinia wa migodi. Namba ya simu ilikuwa ile ile.

“Miaka minne iliyopita nilikupigia mimi mwenyewe,” Daktari akasema. “Ulikuwa kikaoni. Ukaniambia huyu mama aliendesha jiko la wachimbaji wako miaka mitatu, na kwamba ni mtu mwaminifu kuliko wote uliowahi kufanya nao kazi. Nikamwajiri kwa maneno yako.”

Lilikuwa jalada la Nelcy Tique. Hapo akamkumbuka, na alitamani asingemkumbuka. Alikuja na watoto wawili, hakuwahi kuajiriwa popote, alifua nguo za watu na kuwapikia wapangaji. Ndiye mteja pekee aliyegoma. “Sitaki kudanganya, Don,” alisema, “andika kwamba sijui.” Walibishana nusu saa nzima pale barazani. Mwishowe mzee akamwambia uongo ni wangu, dhambi ni yangu, wewe weka sahihi tu, nyuma yako kuna foleni.

“Sasa mimi nauliza swali dogo,” Daktari akaendelea. “Kama kweli wewe ni mchapaji, nafasi ni yako, Jumatatu unaanza. Natafuta mtu anayeiheshimu karatasi na sijaona anayeiheshimu kama wewe. Lakini basi aliyeniletea jalada hili alinidanganya. Mwezi uliopita nilimtoa mhasibu kwa cheti cha kughushi, hakumaliza hata kahawa yake. Na kama wewe ni injinia, niambie unatafuta nini kwangu.”

Mlango ukasukumwa kwa goti, akaingia mama wa kahawa na sinia. Alikuwa Nelcy, amenenepa kidogo, aproni nyeupe pe, nywele amezibana. Alipomuona aliyeketi pale, aliweka sinia mezani bila kugawa vikombe, akageukia mlango.

“Nelcy, usiende kwanza,” Daktari akasema. “Unamfahamu bwana huyu?”

“Namfahamu, Daktari.”

“Alikuwa nani kwako?”

Don Aristóbulo alimtazama akaona kabisa kinachokuja. Mwanamke yule alikuwa anajikusanya aseme kweli. Midomo ilishafunguka. Alikuwa mjinga yule yule wa miaka minne nyuma, na mzee alimchukia kwa moyo wote. Kwa nini hakuwa mvivu akafukuzwa zamani? Kwa nini hakuiba sukari? Kulikuwa na miaka miwili tu kati yake na kitanda cha kulalia bila wasiwasi, na miaka yenyewe iko pale, juu ya meza ya mwanamke huyu, inamsubiri aseme neno moja la kweli ambalo tayari ameliandika kwa mkono wake.

“Nilikuwa bosi wake,” akasema Don Aristóbulo, kabla Nelcy hajatoa sauti. Akakohoa, sauti ikashuka yenyewe. “Mimi ni injinia, Daktari. Mgodi ulifungwa.”

“Na hii ya uchapaji?”

“Nimeitunga.”

“Umetunga kujishusha!” Daktari akashangaa. “Watu wote wanatunga kupanda.”

“Niliogopa mtasema nimesoma mno kwa kazi hii.”

“Na kweli ningesema.” Akacheka kidogo, kwa huruma hasa, na hapo ndipo ilipouma. Akamwambia Nelcy aende, kisha akaanza kumshauri Don Aristóbulo polepole, kama mtu anayemvusha mzee barabara. Kwamba kosa kubwa katika wasifu si la herufi, ni uongo, hata mdogo, maana mwajiri anapiga simu. Kwamba asione haya juu ya maisha yake ya kweli. Kwamba mdhamini ni mtu wa kuchagua vizuri, na muuza empanada, samahani sana, haaminiki na mtu. Don Aristóbulo alisikiliza yote, mikono magotini, akiitikia “ndiyo, Daktari” kila panapostahili.

“Nikupe siri,” Daktari akamalizia, akimrudishia karatasi yake. “Mbele ya mahakama kuna wazee wanachapa. Bei yao si kubwa. Nenda ukawape wakuandikie huu upya. Wale wanajua.”

“Nitapita,” akasema Don Aristóbulo.

Nelcy alikuwa anamsubiri kwenye korido, na kikombe mkononi, macho mekundu.

“Kahawa yako hukunywa, Don.”

“Ulitaka kusema, sivyo?”

“Nilitaka. Na nitarudi kusema, sasa hivi. Kazi hii si—”

“Hutarudi popote!” Alimkemea kwa kunong'ona, mate yakamruka. “Sikiliza wewe. Kwenye ile simu nilisema uongo tupu, mgodi hakuna, jiko hakuna. Neno moja tu lilikuwa la kweli, kwamba wewe ni mwaminifu. Nikikubali kwamba nilidanganya, na hilo nalo linakwenda na maji. Unataka waache kuliamini?”

Nelcy alikuwa analia bila sauti, akijipangusa kwa aproni. Don Aristóbulo alitaka kulia naye na alitaka kumtukana, vyote kwa pamoja, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alichukua kikombe akanywa pale pale amesimama, mpaka machicha. Ilikuwa kahawa nzuri, iliyopikwa na mtu anayeipenda kazi yake, na ndicho kitu pekee ambacho ofisi ile ingempa.

Akamrudishia kikombe, akakunja wasifu wake mara nne, akautia mfukoni. Kisha akashuka ghorofa tano kwa miguu, ameshika ukuta, kwa sababu lifti ilikuwa na kibao kwamba ni ya wafanyakazi tu.